Milango Tisa ya Kichwa

Mjomba wangu alikuwa mchunaji. Najua mjini neno hilo limeshaharibika. Ukisema fulani ni mchunaji watu wanacheka, wanadhani kuna buzi mahali linachunwa hela. Mjomba alichuna wanyama, kwa mshahara, misimu zaidi ya ishirini, katika kambi za uwindaji wa kitalii upande wa Muhesi, Kizigo na Rungwa, kule kusini ukishaiacha Manyoni na Itigi. Mgeni aliyetoka Marekani au Hispania akishampiga tandala risasi, akapiga naye picha, akarudi kambini kuoga na kunywa kitu baridi, kazi iliyobaki ilikuwa ya mjomba. Mgeni aliondoka na picha. Ngozi na pembe zilimfuata baadaye ndani ya kreti, na kama mjomba hakufanya kazi sawasawa, kilichomfikia ni uvundo na manyoya yanayopukutika.

Nimekuwa nikitaka kuandika habari hii tangu nilipomaliza kusoma Green Hills of Africa cha Hemingway. Kwa wasiokijua, ni kitabu cha mwaka 1935 kuhusu safari yake ya kuwinda Tanganyika, na hangaiko lake kubwa ndani ya kitabu ni tandala mkubwa. Anaandika vizuri, siwezi kumnyima hilo. Lakini nilipokifunga, nilichobaki nacho ni bunduki, nyayo, vilima, na wivu wake kwa mwenzake aliyepata pembe nzuri kuliko zake. Nikabaki najiuliza: sasa nani alikesha na kile kichwa?

Ila tuelewane kwanza kuhusu mnyama mwenyewe. Hadithi za Ulaya zimejaa mnyama mwenye pembe za matawi, na sisi tukizitafsiri tunamwita kulungu, wengine paa, wengine swala, yeyote anayekuja kichwani. Watafsiri wa Biblia ya Union Version walimwita ayala, yule wa Zaburi ya 42. Ayala wa kweli Afrika yuko kaskazini tu, Algeria na Tunisia. Pembe zake ni mfupa mtupu, zinadondoka kila mwaka na kuota upya. Wa kwetu hawa, tandala, palahala, kongoni, pofu, ni ndugu wa ng'ombe na mbuzi. Pembe yao ni ganda lililovalishwa juu ya mfupa, haidondoki, na ikivunjika ndiyo imevunjika. Kwa mchunaji tofauti hiyo ni kazi ya ziada: baada ya siku kadhaa za kuloweka, ganda linachomoka, na ule mfupa wa ndani inabidi usafishwe na kutiwa chumvi, la sivyo unaoza kimyakimya na wadudu wanahamia humo.

Niliingia kambini mwaka 2006. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne mwaka uliotangulia, matokeo yakaja daraja la nne, na nyumbani Kintinku hapakuwa na la kufanya. Wanaoikumbuka 2006 wanakumbuka ukame. Mtama ulikauka ungali goti, ng'ombe wakauzwa bei ya mbuzi, na redio ikawa kila siku mgao wa umeme, ambao sisi haukutuhusu kwa sababu umeme wenyewe hatukuwa nao. Mama akamwambia kaka yake, mchukue huyu, akirudi na chochote tutashukuru. Mjomba alinitazama mikono kabla ya kunitazama uso. Akauliza, "Bado unatumia kushoto?" Nikasema ndiyo. Akaguna.

Msimu ulikuwa unaanza Julai. Mei na Juni alinifundisha kwa vichwa vya mbuzi, alivyonunua buchani Manyoni kila Jumamosi. Mkewe hakufurahi. Kwetu kichwa cha mbuzi hakichunwi. Kinababuliwa motoni manyoya yaungue, kinakwanguliwa, kinapasuliwa na kuchemshwa na ngozi yake, na ile ngozi ya mdomoni na masikioni ndiyo wazee wanaigombea. Sasa mtu mzima anakaa uani mwaka wa njaa na kukivua kichwa cha mbuzi nguo, halafu anaipaka ngozi chumvi ambayo ingetosha mlenda wa mwezi mzima! Watu wa Bahi, jirani zetu, wanajua chumvi inavyopatikana, kukwangua udongo wa mbugani kiangazi, kuuchuja maji, kuchemsha mpaka mgongo uume. Mke wa mjomba alizaliwa kwa watu hao. Kila akiona chumvi inamwagwa juu ya ngozi alikuwa anaingia ndani.

"Kichwa kina milango tisa," mjomba alinambia siku ya kwanza. Pembe mbili, masikio mawili, macho mawili, matundu ya pua mawili, na mdomo. "Mwili mzima ni ukuta. Ukuta hata mtoto anachuna. Wewe nitakulipa kwa milango."

Na ndivyo ilivyo. Shingo ya mnyama inavuliwa kama gunia. Unapasua juu, kwenye mgongo wa shingo, kamwe si chini ya koo, maana huko ndiko mtu atakayesimama mbele ya ukuta atakakotazama. Na tandala dume ana ndevu ndefu kuanzia kidevuni kushuka shingoni ambazo ukizipasua katikati umeharibu. Ukifika kisogoni, mkato unagawanyika kuelekea kila pembe. Pale kwenye shina la pembe kisu hakifai sana. Mjomba alitumia bisibisi butu, akiisukuma ngozi polepole kuzunguka pembe kama unavyong'oa ukoko wa wali bila kuuvunja. Masikio unayakata ndani kabisa, karibu na fuvu, halafu baadaye unayapindua kama soksi, ukitenga ngozi na gegedu mpaka ncha. Usipopindua mpaka ncha, chumvi haifiki, sikio linaoza, manyoya yanatoka kwa kidole. Midomo unaikata kwa ndani, jirani na ufizi, uache nyama ya kutosha ili fundi wa huko awe na cha kukunja. Pua hivyo hivyo, unaikata nyuma, na gegedu lake, halafu unaipasua kwa ndani.

Jicho ndilo niliogopa. Jicho halikubali bisibisi wala nguvu. Unatia kidole cha mkono usioshika kisu kwa nje, ndani ya tundu la jicho, unaivuta kope mbali na fuvu, na kisu kinafuata nyuma ya kidole kikigusa mfupa wakati wote. Kidole ndiyo macho yako. Mahali pabaya zaidi ni kona ya ndani, upande wa pua, ngozi imegandamana na mfupa utadhani imeshonewa hapo. Ukikata juu juu, unatoboa. Ukitoboa ukingo wa jicho, tundu dogo kama punje ya uwele leo, ngozi ikishalowekwa na kuvutwa kiwandani linakuwa punje ya harage.

Mjomba alikaa mbele yangu, tukitazamana, kwa sababu mkono wangu ulikuwa wa kushoto na yeye wa kulia. Akanionyesha kila kitu kama mtu anavyojitazama kwenye kioo. Vichwa vitatu vya kwanza nilivitoboa vyote. Cha nne nilitoboa jicho moja. Mpaka tunapanda lori la kwenda kambini, juu ya viroba vya chumvi, nilikuwa nimefanya viwili safi.

Sitaandika mengi juu ya kambi. Ilikuwa kando ya mto wa mchanga, mahema ya wageni upande wa juu wa upepo, banda letu la kuchunia upande wa chini, na sababu ni ile unayoifikiria. Mwindaji bingwa wetu alikuwa mtu wa haki kwa kiasi chake, mkali kwa chumvi na kwa muda. Kulikuwa na askari wa wanyamapori aliyeandamana na kila msafara, akiandika kila risasi iliyopigwa. Usiku fisi walikuja kulilamba turubai.

Kitu kimoja ambacho kilinishangaza ni ukubwa wa chumvi katika biashara hii. Sisi tunaona bunduki tu. Mwaka 1909 Roosevelt, alipokuja Afrika Mashariki kuwindia makumbusho ya Smithsonian, msafara wake ulibeba tani 4 za chumvi, na mtu anayezibeba kichwani ni mpagazi. Na Carl Akeley, yule aliyebadilisha kabisa kazi ya kuwakausha wanyama kwa kuacha kuwashindilia majani na badala yake kuwafinyangia miili ya udongo kwanza, misuli na mishipa yote, kisha kuwavalisha ngozi kwenye umbo lililotolewa humo, alikuwa hana la kufinyangia kama ngozi haikufika nzima kutoka porini. Ukumbi wa wanyama wa Afrika uliopewa jina lake New York ulifunguliwa 1936, yeye akiwa amekufa miaka 10 nyuma huku Kongo. Una vyumba 28 vya vioo. Nimeuona kwenye picha tu. Nilichofanya ni kukuza picha kwenye simu mpaka nione kona za macho.

Basi, tandala wangu.

Ilikuwa Septemba, siku ambayo mgeni alipata wanyama wawili: nyati asubuhi, tandala saa kumi na moja jioni. Bahati kama hiyo kwa mwindaji ni msiba kwa banda. Nyati anachukua muda, ngozi ya shingo yake nene kama kandambili, na joto la Septemba halisubiri. Mnyama aliyekaa na ngozi yake usiku kucha anavimba, bakteria wanaanza, na asubuhi manyoya ya tumboni yanatoka ukiyavuta. Mjomba alikuwa bado yuko na nyati gari lilipoingia na tandala. Akanyoosha mgongo, akamtazama. Dume zee, pembe zimezunguka mara mbili na nusu, nchi zake nyeupe, mistari mbavuni kama chaki iliyofutwa vibaya. Mgeni alisimama naye mlangoni mwa banda kwa muda, mtu mzima mwenye ndevu za mvi, akamshika pembe bila kusema kitu. Simcheki. Nadhani alikuwa anasikitika pia, kwa namna yake.

Mjomba akaniambia, "Shingo chuna mwenyewe. Ukifika kwenye macho niite."

Nilichuna shingo. Nilizunguka pembe kwa bisibisi. Masikio nikayakata ndani. Nilifanya vizuri, nasema kweli, na ndiyo shida yenyewe. Nilipofika kwenye macho niligeuka, nikamwona mjomba amepiga magoti ndani ya nyati, karabai imening'inia juu yake, na sikumwita. Nilikuwa na miaka 19. Nilitaka aje akute kimekwisha.

Jicho la kulia lilitoka safi. La kushoto nilikuwa nimeshafika kona ya ndani, kidole kimo, nikasikia kisu kimeacha mfupa. Hakikutoa sauti, ila mkono unajua. Nikageuza ngozi upande wa manyoya, nikaona mwanga wa karabai umepenya kwenye ukingo wa kope, mkato wa urefu wa ukucha wa kidole cha mwisho.

Nilimaliza midomo na pua. Halafu nikachukua chumvi, nikapaka ngozi yote, na pale kwenye jicho nikaweka konzi nzima. Mjomba alipokuja saa sita usiku kukagua, aliona mlima wa chumvi. Akapapasa masikio, akapapasa pua. Akasema, "Umemaliza na macho?" Nikasema nimemaliza. Akasema, "Haya, kalale."

Chumvi ya kwanza hunyonya maji usiku kucha. Kesho yake unaikung'uta ile iliyolowa, unatia nyingine kavu, kisha unaitundika ngozi kivulini. Kwa hiyo kesho yake mjomba aliikung'uta. Nilikuwa nachota maji, nikamwona ameinyanyua ngozi ya uso dhidi ya jua. Alikaa hivyo kidogo. Akaitundika. Hakunambia neno, siku hiyo wala iliyofuata.

Mwisho wa safari, kabla mgeni hajapanda ndege ndogo, mwindaji bingwa alikuja naye bandani kukagua nyara. Walitazama nyati, wakatikisa kichwa kwa kuridhika. Wakaja kwa tandala. Mwindaji bingwa aliweka kidole kwenye ule mkato, kikapita upande wa pili. Akauliza kwa Kiswahili, polepole, "Hii nani?"

Nilikuwa nimesimama hatua mbili nyuma ya mjomba nimeshika ndoo. Sentensi nilikuwa nayo mdomoni. Mjomba akasema, "Ni mimi, bwana. Mkono uliteleza. Usiku ule walikuwa wawili."

Mwindaji bingwa alimtazama, kisha akanitazama mimi, kisha akatafsiri kwa mgeni. Mgeni alisema kitu kifupi. Bahasha za tipu zilipogawiwa jioni, ya mjomba ilikuwa nyembamba. Huwezi kuficha unene wa bahasha. Kila mtu kambini anazipima kwa macho. Mpishi, ambaye kwa kawaida alipata nusu ya mchunaji, alimzidi. Watu walimtania kidogo, wakaacha.

Msimu wa 2007 mjomba hakuitwa. Nimejiambia mara nyingi kwamba si kwa sababu ya jicho. Kitalu kile kilibadilisha mikono, waliokuja walikuja na watu wao. Lakini pia mjomba alikuwa ameanza kazi hii mapema miaka ya themanini, chini ya TAWICO, uwindaji wa kitalii uliofungwa mwaka 1973 ulipokuwa umefunguliwa tena tangu 1978, na katika muda wote huo kampuni zilikuja na kuondoka na yeye alibaki. Mchunaji mzuri anarithiwa pamoja na kitalu. Mchunaji aliyetoboa jicho la tandala, sijui.

Mimi nilirudi shule. Hela ya msimu, yangu na sehemu ya yake, shilingi 180,000, ilinilipia mtihani wa kurudia na muhula wa kwanza wa masomo ya jioni Dodoma mjini. Nikaendelea. Leo nina kazi ya mezani katika mji ambao umekuwa mkubwa ghafla tangu serikali ihamie kweli. Kwenye ukuta wa mapokezi ya hoteli moja hapa kuna kichwa cha tandala. Kila nikiingia hapo kwa mkutano nasogea kutazama jicho la kushoto. Najua si yule. Yule yuko ng'ambo, kwenye sebule ya mtu, na huenda fundi alishona vizuri na hakuna anayeona.

Mjomba mwenyewe hana hata ukwato mmoja. Watu wakisikia kazi yake wanategemea kukuta nyumba imejaa pembe. Sheria ya wanyamapori haina mzaha: nyara ni za serikali, na pembe ya dikidiki ukutani bila kibali ni kesi. Alichokuja nacho nyumbani kutoka misimu yote ile ni visu viwili, kinoo kilichobonyea katikati kama kitanda cha kamba, na ile bisibisi.

Mwaka jana mwezi wa nane nilikwenda Kintinku. Mikono yake imevimba vifundo, vidole haviwezi kufunga kifungo cha shati. Alikuwa amenipigia simu kabla: njoo na kichwa cha mbuzi, usikubali wakibabue. Mjukuu wake wa darasa la sita ameona mambo hayo kwenye simu ya mtu na amemsumbua babu yake amwonyeshe. Mkewe, ambaye sasa hasikii vizuri lakini anaona, alipoona kichwa kibichi kinatoka kwenye mfuko alisema "Tena?" akaingia ndani.

Tulikaa uani chini ya mwarobaini. Mjomba aliketi mbele yangu, kama zamani, mtoto katikati. Nilikuwa sijashika kisu cha kuchunia miaka 18. Shingo ilikwenda. Pembe zilikwenda. Tulipofika kwenye jicho mjomba aliingiza kidole chake mwenyewe, chenye kifundo, chini ya kope ya mbuzi, akaivuta, akasema, "Haya. Kisu kiguse mfupa."

Nikasema, bila kunyanyua uso, "Mjomba, lile jicho la tandala nililitoboa mimi."

Mtoto akatutazama. Mjomba hakuondoa kidole.

"Mkato unaanza mnene unaishia mwembamba," alisema. Alikuwa anamwambia mtoto, si mimi. "Mtu wa kulia akiteleza kwenye jicho la kushoto, kisu kinaondoka kuelekea sikio. Ule ulikwenda puani. Hata yule mzungu aliuona. Kambi nzima, mtu wa kushoto alikuwa mmoja."

Nikabaki nimeshika kisu.

"Aliniuliza kwa sababu ya mgeni tu," akasema mjomba. "Ilibidi aulize. Kata bwana, kidole kinaniuma."

Nikakata. Kope ikaachia mfupa, kona ya ndani ikatoka nzima, nyeusi, na mjomba akaigeuza juani kuiangalia. Akampa mtoto ashike, kisha akanisogezea kichwa upande wa pili.